Kivumbasi Maabara: Kilichothibitika na Ambacho Bado



Katika majuma ya karibuni wazazi kadhaa wa hapa Lushoto wametuletea swali moja kwa sura tofauti. Yuko aliyesikia kwamba mafuta ya kivumbasi yamethibitishwa na wataalamu kuwa yanaua bakteria, naye anauliza kama ni kweli. Yuko aliyeuziwa kichupa cha mafuta ya mkaratusi karibu na lango la msikiti baada ya swala ya Ijumaa, akaambiwa amnyweshe mwanawe matone machache na aiache dawa aliyoandikiwa zahanati. Na wako wanaoiuliza kamati kwa nini wauzaji hao huachwa wakapanga bidhaa zao pale.

Swali hili si dogo. Baridi ya milima yetu inapoingia kuanzia mwezi wa Juni, nyumba chache hukosa mtoto mwenye kikohozi, na uamuzi wa mzazi wa usiku mmoja waweza kuwa uamuzi wa uhai. Sisi si matabibu, wala safu hii haiandiki dawa. Lakini kupima ushahidi ni elimu tuliyofundishwa, na swali hili kwa asili yake ni swali la ushahidi. Jibu letu kwa ufupi ni hili: habari ya maabara ni ya kweli, ila hukumu anayoijenga muuzaji juu ya habari hiyo si sahihi. Tunaomba subira yenu tueleze.

Mafuta ya aina gani?

Kwanza tutenganishe aina mbili za mafuta. Mafuta ya nazi, ya zeituni, ya ufuta na ya habbat sauda hupatikana kwa kukamuliwa. Ni mazito, na tone lake likidondoka juu ya karatasi huacha doa lisilokauka. Aina ya pili ni mafuta ya kunukia yaliyomo ndani ya majani, maua au magome ya mimea kama kivumbasi, mkaratusi, mchaichai, mrehani na mkarafuu. Haya ni mepesi. Tone lake juu ya karatasi huvukiza na kuondoka na harufu yake. Hupatikana kwa kukeneka: mvuke wa maji hupitishwa katika majani, ukabeba mafuta, kisha ukapozwa. Mara nyingi maji hukaa chini na mafuta huelea juu.

Ufundi huu si mgeni katika historia ya Waislamu. Al-Kindi, katika karne ya 9, aliandika kitabu kuhusu kemia ya manukato na ukenekaji. Marashi ya mawaridi tunayonyunyiza katika maulidi na harusi ni matunda ya ufundi huo huo.

Jambo la kukumbuka ni kwamba kichupa kidogo cha mafuta halisi kimebeba nguvu ya kapu zima la majani. Bibi aliyechemsha matawi mawili ya kivumbasi, na muuzaji wa leo aliye na kichupa mkononi, hawatoi kitu kimoja hata kama mmea ni ule ule.

Yaliyokwisha kufanyika nchini

Tanzania haikuanza jana kuchunguza mimea yake. Mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili pale Muhimbili, nacho mwaka 1991 kikapandishwa kuwa Taasisi ya Tiba Asili. Mwaka 1981 wanakemia Chogo na Crank walichapisha uchunguzi wao juu ya kivumbasi, ambacho wataalamu walikiita Ocimum suave na siku hizi wengi hukihesabu kuwa ni Ocimum gratissimum. Walikuta kwamba sehemu kubwa ya mafuta yake ni yujenoli, kiini kile kile kinachoyapa mafuta ya karafuu za Unguja na Pemba harufu na ukali wake.

Katika miaka iliyofuata, watafiti wa Muhimbili akiwemo Profesa Olipa Ngassapa na Deborah Runyoro, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Athens, Ugiriki, walichapisha mfululizo wa uchunguzi wa mafuta ya mimea ya Tanzania. Mwaka 2003 walilinganisha mafuta ya mmea wa Lippia javanica kutoka maeneo mawili tofauti. Mwaka 2010 walitoa matokeo ya aina nne za Ocimum, jamaa ya kivumbasi na mrehani, kuhusu kemia ya mafuta yake na uwezo wake wa kuzuia vijidudu. Huko kaskazini mashariki, yaani ukanda wetu huu, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliorodhesha mimea ambayo wananchi huitumia kufukuza mbu, na jamaa ya kivumbasi imo.

Kwa hiyo anayesema kwamba wazee wetu walibahatisha tu hatendi haki. Mimea waliyoichagua kwa pua na kwa uzoefu wa vizazi, baadhi yake imeingia maabara na ikaonekana kweli ina kitu ndani yake. Hilo tunalikiri na tunamshukuru Allah kwa neema hiyo.

Kipimo kinavyofanyika

Sasa tuingie maabara yenyewe, maana neno "imethibitishwa" hurushwa na watu wengi wasiojua kilichothibitishwa.

Hatua ya kwanza ni kuutambua mmea. Tawi hukaushwa, hubandikwa juu ya karatasi na kuandikwa lilikochumwa na tarehe, kisha huhifadhiwa ili mwingine aweze kulirejea. Hapa Lushoto tunayo hazina ya namna hiyo: hifadhi ya mimea mikavu iliyo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania, TAFORI. Wengi wetu hupita karibu nayo bila kujua kuwa ndani yake mmezuiwa mabishano mengi kuhusu ni mti gani unaoitwa jina gani. Jina la kienyeji peke yake halitoshi, kwa kuwa jina moja laweza kubeba mimea mitatu ukivuka bonde moja tu.

Baada ya hapo mafuta hukenekwa, na mashine huyachambua kuonyesha yana viini gani na kwa kiasi gani. Hatua hii ina maana kubwa, kwa sababu mmea wa aina moja hutoa mafuta tofauti kwa kutegemea asili yake, mahali ulipoota na wakati ulipovunwa. Ocimum gratissimum ya mahali pamoja hujaa yujenoli, na ya kwingine hujaa thimoli. Kwa macho ni majani yale yale, lakini ndani yake mna dawa mbili.

Kisha huja kipimo cha bakteria. Sahani bapa humiminwa uji mzito wenye lishe, ukaganda kama faluda. Juu yake hupakwa bakteria wa aina inayojulikana, kwa mfano Staphylococcus aureus ambao husababisha majipu na usaha katika vidonda, au Escherichia coli ambao baadhi yao huleta kuhara na maambukizi ya njia ya mkojo. Kiduara kidogo cha karatasi kilicholowekwa mafuta huwekwa katikati, na sahani huachwa katika joto la mwili kwa muda wa usiku mmoja. Asubuhi, bakteria wametanda sahani yote kama ukungu. Ikiwa mafuta yana nguvu, kuzunguka kile kiduara hubaki uwanja mtupu, na uwanja huo hupimwa kwa milimita.

Mtafiti mwaminifu haishii hapo. Pembeni huweka kiduara chenye antibayotiki inayojulikana, na kingine chenye kimiminika kilichotumika kuyeyushia mafuta bila mafuta yenyewe. Cha kwanza humwonyesha nguvu ya dawa halisi ikoje. Cha pili humhakikishia kuwa kilichoua si kile kiyeyushi. Mwishowe huyapunguza mafuta hatua kwa hatua mpaka aone kiasi kidogo kabisa kinachoweza kuwazuia bakteria wasikue.

Matokeo hutofautiana kwa mmea na kwa kijidudu. Bakteria kama Staphylococcus mara nyingi hudhurika kwa urahisi zaidi kuliko E. coli, ambao wana utando wa ziada nje ya mwili wao unaozuia mafuta kupenya. Kwa hiyo hata ndani ya maabara, kauli ya "yanaua bakteria" haijakamilika mpaka mtu aulizwe: bakteria gani, na kwa kiasi gani?

Shahidi haulizwi asiyoyaona

Katika mahakama ya Kiislamu shahidi hutoa ushahidi wa alichokiona na kukisikia. Hawezi kuvushwa mpaka huo akaulizwa asiyoyashuhudia, hata awe mwadilifu wa kupigiwa mfano. Ile sahani nayo ni shahidi mwadilifu, ila ushahidi wake ni mmoja: kwamba mafuta haya, kwa kiasi hiki, yamewazuia bakteria hawa kukua juu ya uji huu. Haikuona tumbo, ini, damu wala pafu la mtoto.

Wanazuoni wetu wa tiba waliliona hili zamani. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu cha pili cha Al-Qanun aliweka masharti ya kuijaribu dawa. Miongoni mwayo ni kuwa ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja usiochanganyika, athari yake ionekane mara kwa mara na isiwe ya bahati, na ijaribiwe kwa mwanadamu, kwa kuwa ikijaribiwa kwa simba au farasi haitathibitisha athari yake kwa mtu. Ikiwa simba, ambaye ana damu na moyo kama sisi, hakumtosheleza Ibn Sina, basi sahani ya uji itamtosheleza nani?

Tufanye hesabu nyepesi. Antibayotiki kama gentamisini huwazuia bakteria wanaodhurika nayo kwa kiasi cha mikrogramu moja hivi au pungufu katika mililita moja. Mafuta mengi ya kunukia huhitaji miligramu nzima au zaidi katika mililita hiyo hiyo, yaani mara elfu moja. Mtoto wa kilo 10 ana damu isiyozidi lita moja, takriban mililita 800. Ili damu yake ifikie miligramu 2 kwa kila mililita, zingehitajika gramu 1.6 za mafuta ndani ya damu peke yake, mbali na yale yatakayoingia katika nyama na ini. Na inajulikana kitabibu kuwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mkaratusi kinaweza kumfikisha mtoto mdogo kwenye degedege au kupoteza fahamu. Mafuta halisi ya karafuu nayo yamewahi kuharibu maini ya watoto walioyameza. Kiasi cha kumwua kijidudu ndani ya mwili kwa njia hii kingemtangulia kijidudu kwa kumwua mtoto.

Iko pia tofauti ya bakteria na virusi. Mafua mengi na vikohozi vingi vya watoto huletwa na virusi, ambavyo kipimo cha sahani ya bakteria hakivihusu hata kidogo. Tunakumbuka miaka ya 2020 na 2021, wakati kujifukiza kwa mkaratusi, mchaichai na kivumbasi kulipoenea nchi nzima. Wako waliopata faraja puani, nasi hatuwakanushi. Lakini kufunguka kwa pua ni jambo moja, na kuondoka kwa ugonjwa ni jambo jingine. Tena sufuria la maji ya moto chini ya blanketi ni hatari ya kuungua ambayo mtoto hastahili kuwekwa karibu nayo.

Kifua cha mtoto

Mzazi afahamu dalili ambazo zikionekana hakuna kusubiri kivumbasi wala mkaratusi. Hesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima akiwa ametulia. Aliye chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50 au zaidi, na wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5 akifikisha 40 au zaidi, huyo anapumua kwa kasi isiyo ya kawaida na yaweza kuwa nimonia. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kunywa, akipata degedege au akilegea asiamke vyema, apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo. Wenzetu wa Mlalo, Mtae na vijiji vya mbali wanajua njia ya milimani usiku ilivyo, na kwa sababu hiyo hiyo saa mbili zilizopotea kwa kusubiri mafuta yafanye kazi ni saa zisizorudi.

Tunaongeza mambo manne ya nyumbani. Mafuta haya asinyweshwe mtoto. Asipakwe mtoto mchanga puani wala karibu na pua, kwa kuwa ukali wake unaweza kumbana pumzi. Kitovu kibichi kisiwekwe kitu chochote ambacho mkunga wa kituo hakukiagiza. Na kafuri tunayoiweka akiba kwa ajili ya kuoshea maiti ifungiwe mbali na mikono ya watoto; ikimezwa huleta degedege, na kipande chake kinafanana sana na peremende.

Kuiacha antibayotiki katikati kwa sababu ya kichupa kuna madhara mengine yanayovuka mlango wa nyumba. Dawa hizi zikitumiwa ovyo, kwa kuzinunua bila cheti au kuzitumia pasipo kufuata maelekezo, bakteria huzizoea. Wataalamu wetu huuita usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa katika mwaka 2019 pekee, watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria sugu. Hii ndiyo sababu dunia inazitazama upya dawa za mimea, na ndiyo sababu kazi ya kina Ngassapa ina thamani kubwa. Tunaihitaji ifike mwisho wake, na kuuza matumaini kabla haijafika ni kuikosea.

Safari ndefu ya gome

Milima yetu ina mfano mzuri wa kufika mwisho. Ng'ambo ya bonde la Lwengera, kule Amani, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 na kupanda miti mingi ya kigeni, ukiwemo mkwinini. Katika Vita Kuu ya Kwanza, walipokatiwa njia ya bahari, walijitengenezea kwinini kutokana na magome ya miti hiyo. Lakini gome lilikuwa limejulikana kwa karne kadhaa kabla ya hapo. Kilicholigeuza kuwa dawa ya kutegemewa ni kutolewa kwa kiini chake, kazi iliyofanywa Ufaransa mwaka 1820 na Pelletier na Caventou. Tangu hapo tabibu aliweza kujua anampa mgonjwa kiasi gani, maana gome la mti huu na la mti ule havilingani. Kivumbasi chetu kiko mwanzoni mwa njia hiyo.

Dhamana ya mtibabu

Imepokewa katika Sunan za Abu Daud, an-Nasai na Ibn Majah mafundisho ya Mtume, swalla Allaahu alayhi wasallam, kwamba mwenye kujitia katika utabibu hali hajulikani kuwa na elimu yake, basi ana dhamana ya madhara atakayoyasababisha. Wanazuoni wamejenga juu yake hukumu za fidia. Muuzaji wa langoni anayemwambia mama aache dawa ya zahanati amejiingiza katika dhamana hiyo, akijua au asijue, hata kama nia yake ni njema.

Wako watakaojitetea kwa hadithi ya habbat sauda kuwa ni shifaa ya kila ugonjwa. Tuwakumbushe kuwa al-Khattabi, aliyefariki mwaka 388 Hijria, alieleza kwamba tamko hilo ni la jumla na makusudio yake ni mahususi. Kuiamini sunna hakumlazimishi mtu kuamini kila kichupa kilichobandikwa jina la sunna.

Sheria ya nchi nayo ipo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, iliunda Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Mganga wa kweli haogopi kuulizwa usajili wake, na waganga wazuri wa Usambara wapo, miongoni mwao wako wanaowaambia wateja wao wazi, "Hili si langu, nendeni hospitali." Hao tunawaheshimu.

Kwa upande wetu, tunaipendekezea kamati, na kamati nyingine za misikiti ya wilaya, utaratibu mwepesi. Anayetaka kupanga dawa katika eneo la msikiti aonyeshe usajili wake. Kichupa kiandikwe jina la mmea, mtengenezaji, tarehe na namna ya kutumia. Na asiruhusiwe mtu yeyote kumshauri muumini aache dawa ya hospitali. Msikiti ni amana, na watu humwamini anayesimama langoni kwake kwa sababu ya lango lenyewe.

Nyumbani nako, kivumbasi kiendelee kuota pembeni mwa ukumbi. Kifukuze mbu, kinukie, na majani yake yatumike kama wazee walivyoyatumia kwa watu wazima wenye mafua mepesi. Vijana wetu wa sekondari wanaosoma baiolojia na kemia tuwaambie kuwa ile kazi ya sahani na milimita inawangoja, na kwamba mimea ya kuchunguza wanaikanyaga kila siku wakienda shule.

Tunamwomba Allah awape afya watoto wetu, awalipe kheri watafiti na wauguzi wetu, na atujaalie kusema tunalolijua na kunyamazia tusilolijua. Wallaahu a'lam.

Tukutane juma lijalo, in shaa Allah.